Mgonjwa Mpya wa Mchafukoge

Alhamisi, 6 Machi

Nimeambiwa niandike, basi naandika. Tabibu Anuari anataka kila siku niandike nilichokula, nilivyolala na kilichonikera. Amesema hatalisoma hili daftari, ni langu mwenyewe. Kilichonikera leo ni tabibu Anuari.

Nina presha. Niliambiwa hospitali mwaka juzi, na kila asubuhi nameza kidonge mbele ya mume wangu Tarsis, ambaye husimama mlangoni mpaka aone koo limecheza. Lakini presha haishuki inavyotakiwa, na mwaka huu nimefikia umri aliokuwa nao dada yangu Apolonia siku alipoanguka na kiharusi nyuma ya kaunta ya duka lake Moshi. Sasa yuko Kibosho, mkono wa kulia umelala, na akitaka kutamka jina langu, Candida, anahangaika mpaka machozi yanamtoka. Naogopa sana. Tarsis hajui ninavyoogopa.

Basi nikasikia kuna tabibu wa tiba asili huko Mchafukoge, kasajiliwa, watu wanamsifia. Nilijiandaa kama ninavyokwenda kuchukua mzigo kwa mtu nisiyemjua: nikavua hereni, nikavaa kanga iliyopauka na kandambili, ili asinipandishie bei. Nilitegemea chumba cha giza, vibuyu na mafusho. Tarsis aliniuliza kama nabeba na kuku.

Nikakuta chumba cheupe ghorofa ya pili, dirisha wazi, mizani, mashine ya presha, cheti ukutani, na mwanamume mwenye miwani aliyesimama kunipokea. "Shikamoo mama." Kisha yakaanza maswali. Nimezaa watoto watatu, wa kwanza Vicky, na hospitali zote tatu ukiziunganisha hazijaniuliza nusu yake. Nalala saa ngapi, naamka mara ngapi, choo kinakuwaje, hedhi ilikoma lini, nikikasirika nasikia wapi mwilini, nilicheka lini mara ya mwisho. Akaangalia ulimi, akaangalia kucha, akanibonyeza vifundo vya miguu.

Sasa, mfanyabiashara wa Kariakoo kama mimi hasemi namba ya kweli mara ya kwanza. Unaanzia mbali, mwenzako naye anaanzia mbali upande wake, mnasogeleana, kila mtu anaondoka na heshima yake. Aliponiuliza nakunywa chai vikombe vingapi kwa siku, nikasema viwili, nikamngoja apandishe. Hakupandisha. Akaandika: viwili. Chumvi? Nikasema kidogo. Akaandika: kidogo. Nilibaki namtazama tu, maana sijawahi kuona mtu akikubali bei ya kwanza bila hata kuguna.

Nikamtolea vidonge vyangu, nikijua ataniambia nivitupe. Akavisoma, akanirudishia.

"Hivi usiviache hata siku moja, mama. Mimi sishindani na daktari wako. Na ukienda kwake, mwambie unakuja kwangu."

"Na dawa yako wewe?"

"Mwezi wa kwanza sikupi dawa. Punguza chumvi, chakula cha jioni ule mapema, tembea asubuhi. Nikikupa vitu vitano kwa pamoja, ukipona hatutajua kilichokuponya, na ukiumwa hatutajua kilichokuumiza. Ila naomba kitu kimoja: usinywe wala kutafuna chochote kipya bila kuniambia. Hata kama ni majani tu."

Nikashuka ngazi mikono mitupu. Dukani kwangu hata anayenunua kijiko anaondoka na mfuko.

Ijumaa, 7 Machi

Mvua. Chai kavu. Kwaresima hii nimeahidi kanisani kuacha sukari na kila kitamu mpaka Pasaka. Tayari namchukia kila mtu.

Jumatatu, 10 Machi

Lazima nimwandike Saadiya, maana bila yeye siku yangu haijakamilika. Mimi nauza masufuria na chupa za chai, yeye anauza mabaibui na udi duka la pili, tunatenganishwa na ukuta ambao tukiongea kwa nguvu unakuwa haupo. Babu yake alitoka Yemen, mimi nilitoka Kibosho, na tumezeekea pamoja hapa hapa mtaani. Mteja akikosa kitu kwangu namsukumia kwake, akikosa kwake namwona huyo anakuja. Hatujawahi kugombana ila siku moja tu, juu ya mwavuli.

Ramadhani inamkuta dukani kila mwaka, na adhana ya magharibi ikilia ananiita nifuturu naye, mimi Mkatoliki na rozari yangu. Leo kulikuwa na tende, ambazo nilizitazama nikazirudisha kwa uchungu, na jagi la kinywaji cheusi chenye povu.

"Kunywa, Mama Vicky. Urukususi huo. Bibi yangu alikuwa anatupa tumbo likichafuka."

"Mtamu?"

"Mtamu, lakini hauna hata chembe ya sukari. Ni mzizi tu, wallahi. Unalowekwa, unachujwa, basi."

Nikaonja. Mtamu kupita soda! Na hauna sukari. Nilijihoji sawasawa: niliahidi kuacha sukari, na huu ni mzizi. Padri hakutaja mizizi. Nikanywa glasi mbili, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatano ya Majivu nilimpenda tena binadamu mwenzangu.

Alhamisi, 13 Machi

Nimelala vizuri. Samaki wa Feri wa kuchoma, chumvi kidogo (kweli kidogo). Futari kwa Saadiya.

Jumatano, 19 Machi

Natembea kila asubuhi mpaka Mnazi Mmoja na kurudi. Leo mvua imenikuta nikaingia chini ya kibaraza na mawinga, wale vijana wa kuvutia wateja, waliokuwa wanangoja maduka yafunguliwe.

"Mama Vicky, siku hizi mazoezi? Unagombea nini, bosi?"

"Nagombea kuzikwa baada yenu."

Wakacheka mpaka mvua ikapungua. Napenda asubuhi hizi, sikuwa najua. Mji unanuka mvua na vitumbua, na hakuna anayeniuliza bei. Saadiya kanipa kifungu cha mizizi yenyewe, niwe natafuna njiani. Natafuna.

Alhamisi, 27 Machi

Kwa tabibu mara ya pili. Nilikwenda na hereni masikioni, nimejiamini. Nimepunguza chumvi, natembea, nakula mapema, nikasema leo atashangaa mwenyewe.

Presha imepanda.

Akapima mkono wa kulia, akapima wa kushoto, akaniacha nikae kimya, akapima tena. Imepanda. Akakuna kidevu.

"Vidonge unameza?"

"Muulize Tarsis."

"Kuna kitu chochote kipya? Chakula, kinywaji, dawa ya jirani, kitu cha kutafuna?"

Nikasema hakuna. Na nilivyosema hivyo sikuona nimedanganya. Kitu kipya ni kitu unachokwenda kununua. Jagi la Saadiya si kitu, ni ujirani. Halafu, na hili naliandika kwa kuwa hakuna anayesoma, nilijua nikilitaja pale, na kulisikia kwa masikio yangu, itabidi nilitaje na kwa padri.

Akaniambia kama ni hivyo nirudi kwa daktari wangu hospitali wiki hii hii, huenda kidonge kinahitaji kubadilishwa. Sikwenda. Wiki ya Idd na biashara ya masufuria, nani anafunga duka?

Jumatatu, 31 Machi

Idd. Pilau kwa Saadiya, na Sheikhan mume wake akamtania Tarsis kwamba mke wake amekuwa mwanariadha. Nilimwambia Saadiya nitaukosa urukususi wake sasa Ramadhani imekwisha. Akaniangalia kana kwamba nimemtukana.

"Ukose na mimi nipo? Kwaresima yako haijaisha, shoga. Nitakuletea kila siku mpaka hiyo Pasaka."

Jumamosi, 5 Aprili

Viatu vyote vinanibana. Labda ni unyevu.

Jumatano, 9 Aprili

Mvua tangu alfajiri bila kupumzika. Msimbazi umefurika, barabara ya Jangwani imefungwa, wateja wa mikoani hawajafika. Kichwa kinauma kwa nyuma. Nimepanda ngazi za stoo, mapaja yakawa mazito kama ya mtu mwingine, nikakaa kwenye kreti la sufuria mpaka nguvu ziliporudi. Saadiya kaona nimenyong'onyea, kaniongezea jagi la pili.

Jumamosi, 12 Aprili

Naandika nikiwa kitandani hospitali, wodi ya wanawake, kalamu ya kuazima.

Jana asubuhi niliamka kichwa kinagonga na vidole vya mkono wa kulia vina ganzi. Mkono wa kulia! Nilimwona Apolonia mbele yangu. Tarsis alikuwa ameshatoka kwenda bandarini kufuatilia mzigo. Nilitoka nyumbani nimeshika ukuta, nikapanda bajaji, nikamwambia dereva anipeleke Mchafukoge. Kwa nini sikuja hospitali moja kwa moja? Sijui. Nadhani nilitaka mtu ambaye ataniuliza maswali.

Kumbe siku hiyo hakuniuliza mengi. Alinifunga ile mashine mkononi, akaangalia namba, akafungua mdomo wangu, akaniambia nicheke, ninyooshe mikono yote miwili, nirudie jina langu. Nikasema Candida, na lilivyotoka zima nikaanza kulia.

"Mama, leo sina cha kukupa hapa. Twende hospitali sasa hivi."

"Hata majani?"

"Hata majani. Kuna siku za majani, na leo siyo."

Akafunga chumba, akawaomba radhi wagonjwa waliokuwa kwenye benchi, akapanda nami bajaji ile ile. Njiani mvua ilikuwa inaingia pande zote, naye kashika mwavuli wake upande wangu, bega lake lote limelowa. Hospitali akamkabidhi daktari karatasi yenye yote niliyowahi kumwambia. Daktari ni binti mmoja mpole, Swaumu, hata miaka thelathini hajafika. Akaisoma kwa sauti ili ahakikishe.

"Chai vikombe viwili. Chumvi kidogo. Vidonge kila siku. Hakuna kingine kipya. Sawa, mama?"

Nikazisikia namba zangu, zile za kuanzia mazungumzo, zikisomwa kati ya watu wawili wasiojua kwamba ni za kuanzia. Walikuwa wanaziamini. Wangenipimia dawa juu yake. Lakini kichwa kinagonga, nikasema sawa.

Wakanipa dawa, wakanitoa damu, presha ikaanza kushuka polepole. Jioni majibu yakarudi: siyo kiharusi, Mungu asifiwe, lakini potasiamu mwilini imeshuka sana, ndiyo maana mapaja mazito na vidole vina ganzi. Daktari Swaumu alikuwa amesimama na Tarsis miguuni pa kitanda, anasema haelewi. Kidonge changu si cha kushusha potasiamu, sikuharisha, sikutapika. Anafikiria kuniongezea dawa na kunipeleka kwenye vipimo vikubwa vya figo.

Hapo ndipo Saadiya akaingia, baibui linachuruzika maji, kakumbatia chupa ya chai niliyomuuzia mwenyewe.

"Pole, ndugu yangu, pole! Nimekuletea chako kile, upate nguvu." Akafungua, akamimina kwenye kifuniko. Povu likapanda. Chumba kikanuka urukususi.

Daktari Swaumu akageuka. "Hicho nini, mama?"

"Urukususi, mwanangu. Ni mzizi tu, hauna madhara."

Daktari akakichukua kile kifuniko kabla hakijafika mkononi mwangu, akakinusa, akakiweka juu ya kabati. Akaniuliza taratibu kabisa: "Mama Candida, hiki unakunywa? Kiasi gani?"

Mdomo wangu ulishafunguka kusema glasi moja, moja moja hivi, siku za futari tu. Nilishaivuta hewa kabisa. Nikamwona Tarsis, uso umemshuka, kashika mkoba wangu mbele ya tumbo kwa mikono miwili, mwanamume ambaye hajawahi kushika mkoba wangu hata wa sokoni. Nikafikiri, huyu daktari hatapandisha. Nikisema moja ataandika moja, na mimi nitalala na hiyo moja yangu kama Apolonia.

"Jagi zima," nikasema. "Kila siku, tangu wiki ya pili ya Ramadhani. Juzi majagi mawili. Na asubuhi natafuna mzizi wenyewe. Na chai siyo vikombe viwili, ni saba. Sukari tu ndiyo nimeacha."

Daktari Swaumu akavuta kiti akakaa. Akatueleza kwamba mzizi ule ukinywewa kidogo hauna neno kwa mtu mzima wa afya, lakini kwa wingi, siku baada ya siku, unabakiza chumvi na maji mwilini, unatoa potasiamu, na unapandisha presha. Kwa mwenye presha ni hatari. Akasema hatuongezi dawa kwanza, tunaacha urukususi, tunarudisha potasiamu, tunaangalia.

Tarsis alicheka peke yake, cheko la mtu aliyetua gunia. Lakini Saadiya alikuwa amesimama pale pale, chupa mkononi.

"Kwa hiyo ni mimi," akasema. "Ni mimi nilikuwa namuua."

"Saadiya, mimi ndiye niliyeulizwa nikaficha."

Hakunisikia. Akafunga chupa, akatoka kwenye mvua.

Jumanne, 15 Aprili

Nimeruhusiwa. Ganzi imekwisha. Tarsis amenizuia kukanyaga dukani mpaka baada ya Pasaka, anauza yeye, na nasikia anauza kwa hasara.

Alhamisi, 17 Aprili

Saadiya hapokei simu. Tarsis anasema duka lake limefunguliwa, binti yake Samah ndiye anayekaa, mama yuko ndani. Nimeumia kuliko ile ganzi. Tabibu Anuari alinipitia nyumbani, nikamwungamia kila kitu, vikombe, chumvi, mzizi. Nilimngoja anigombeze. Akafuta viwili, akaandika saba, akasema, "Basi leo ndiyo nimeanza kukutibu." Nikamwuliza kwa nini hakunibana siku ile ya kwanza. Akasema yeye alikulia Lindi, kwao ukisema viwili ni viwili. Huo ndio uliokuwa mkosi wetu, nimekutana na mtu asiyejua kubishana bei.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Baada ya misa nimepika mtori, sufuria kubwa, ndizi na nyama, bila chumvi. Nikaubeba mwenyewe kwenye hotpoti mpaka nyumbani kwa Saadiya, Tarsis ananifuata nyuma na mwavuli. Samah akafungua mlango. Saadiya alikuwa amekaa kwenye zulia, macho yamevimba.

"Umekuja kunisuta?"

"Nimekuja kula. Nipe sahani."

Akaonja kijiko kimoja. Akameza kwa shida.

"Mama Vicky. Huu hauna chumvi."

"Hauna."

"Ni mbaya sana."

"Najua. Ndiyo maana nimeuleta, nisiule peke yangu."

Akajaribu kujizuia, akashindwa, akacheka huku analia, na mimi vile vile. Nikamwambia: wewe ulinipa kwa mapenzi, mimi nikaficha kwa ujanja, tusichanganye. Akaniapia hatanipa tena hata maji bila kumpigia tabibu. Sahani yake akaimaliza.

Ijumaa, 2 Mei

Presha imeshuka. Tabibu alipima mikono yote miwili, akaniachia niisome namba mwenyewe. Tangu nianze kupimwa sijawahi kuiona hapo. Vidonge vile vile, chumvi kidogo ya kweli, chai kikombe kimoja, na sasa, baada ya kumpigia simu daktari Swaumu wakakubaliana, kanipa kitu changu cha kwanza cha kubeba: kifurushi cha rozela kavu, ninywe bila sukari. Nyekundu, kali, inakunja uso. Nilishuka nacho ngazi nikikionyesha kila mtu.

Nimempigia Apolonia simu ya video, nikamsomea namba. Akakaa muda mrefu, midomo inatafuta njia, kisha akasema, "Can-dida," akatabasamu upande mmoja. Nimefurahi leo, nasema wazi.

Jumatatu, 12 Mei

Jua. Mawinga wameniuliza niligombea nini nikashinda.

Alhamisi, 22 Mei

Mvua zinakwisha. Leo nimempeleka Saadiya Mchafukoge, mgonjwa mpya, kiungulia na kukosa usingizi. Alinikuta dukani kavaa baibui lililopauka na bangili zote kavua. Nilicheka mpaka nikashika kaunta.

"Unacheka nini? Asinipandishie."

Njiani nikamweleza. Kwamba hakuna vibuyu. Kwamba atakaa muda mrefu na ataulizwa mpaka mambo ya chooni, asione haya. Kwamba abebe dawa zake zote za hospitali, hataambiwa azitupe. Kwamba pengine atatoka mikono mitupu, asikasirike. Na kwamba hapandishi, yule, ukisema anaandika.

"Nimekuelewa," akasema.

Tukaingia. Shikamoo, marahaba. Ulimi, kucha, usingizi. Kisha tabibu akauliza, "Kwenye chai, mama, vijiko vingapi vya sukari?"

"Viwili," akasema Saadiya.

Nikakohoa.

Akanitazama kwa pembe ya jicho. "Vitatu."

Nikakohoa tena. Tabibu alikuwa ameinua kalamu, anangoja kwa adabu.

"Vitano! Vitano, na wakati mwingine sita, haya, umeridhika?"

Tabibu akaandika. Halafu akanigeukia mimi, mashine ya presha mkononi. "Na wewe, mama Candida, chai bado ni kikombe kimoja?"

"Kimoja."

Akaandika kimoja. Na ni kimoja kweli.